Mdogo wangu hasikilizi kingine zaidi ya albamu moja ya huzuni, je itamharibu?

SWALI: "Habari za kazi mtaalamu. Naandika kuhusu mdogo wangu wa kiume, ana miaka 21, yuko chuo mwaka wa pili, sahivi yupo nyumbani likizo. Tangu arudi ni albamu moja tu, ya wazungu wanaitwa American Football, mwanzo nilijua ni mambo ya mpira kumbe ni bendi. Anavaa hedifoni usiku mpaka saa nane, asubuhi tena hiyo hiyo. Nikaangalia majina ya nyimbo, moja maana yake majuto yananiua, nyingine baki nyumbani, nikaogopa. Nikaingia kusoma komenti za watu walioisikiliza ndo nikachoka kabisa, mmoja anasema imemuokoa maisha, mwingine analia nayo kila usiku, mwingine anasema ni takataka jamaa hajui kuimba. Nikaisikiliza yote mwenyewe, sikuona kitu, sauti iko mbali huko nyuma, maneno machache, gitaa linazungukazunguka tu. Alafu gitaa la baba kalilegeza nyuzi zote, ukiligusa linatoa mlio wa ajabu. Mama anataka aombewe. Kula anakula, ila amekuwa mkimya kuliko zamani. Je muziki unaweza kumtia mtu huzuni mpaka augue? Nimfutie? Na hao wa kwenye komenti wanasikia nini ambacho mimi sisikii?"

Dada yangu, salama. Wasiwasi wako nauelewa, yani mtoto mliyekua naye anachekesha nyumba nzima leo kajifungia na sauti moja masikioni, wewe unaingia mtandaoni kutafuta nafuu unakutana na watu wanalia. Yeyote angeshtuka. Ila naomba tutenganishe vitu viwili ambavyo zile komenti zimekuchanganyia: kuna albamu, na kuna mdogo wako. Albamu naweza kukuelezea vizuri kwasababu naijua, gitaa napiga na kazi yangu ya kila siku ni ushauri nasaha kwa vijana wa rika lake. Mdogo wako simjui, na nikwambie mapema kabisa kwamba wale watu wa kwenye komenti nao hawamjui. Walichoandika pale ni habari zao wenyewe.

Tuanze na albamu maana nusu ya hofu yako imetokana na kutojua ni kitu gani.

Hawa walikuwa vijana watatu waliosoma Chuo Kikuu cha Illinois pale Urbana-Champaign, Marekani. Mike Kinsella anaimba na kupiga gitaa, Steve Holmes gitaa la pili, Steve Lamos yuko kwenye dramu na ndo huyo huyo anayepuliza tarumbeta unayoisikia. Albamu ya kwanza ilitoka Septemba 1999 kwa lebo ndogo ya huko huko Illinois inaitwa Polyvinyl, haina hata jina zaidi ya jina la bendi, nyimbo 9, kama dakika 40 hivi. Na ilipotoka haikutikisa popote. Vijana walikuwa wanamaliza chuo, bendi ikafa, kila mtu akashika njia yake, Lamos akaja kuwa mwalimu wa chuo kikuu. Kwa lugha ya huku tungesema imebuma.

Sasa kilichofuata ndo cha ajabu. Miaka ya 2000 vijana wakaanza kupeana hizo nyimbo kwenye intaneti, huyu anampa yule, yule anampa mwenzake, polepole bila redio wala matangazo, mpaka mwaka 2014 Polyvinyl wakaitoa upya na bendi ikarudi jukwaani kupigia umati ambao enzi zao hawakuwahi kuuona, 2016 wakatoa albamu ya pili. Ile nyumba nyeupe ya kwenye kava, yenye dirisha la juu linalowaka taa usiku, ni nyumba ya kweli pale Urbana, mashabiki wanasafiri kwenda kupiga nayo picha, na mwaka 2023 bendi na lebo yao pamoja na wenzao wakainunua kabisa isije ikabomolewa. Nyimbo ni zile zile za mwaka 1999, hakuna noti iliyoongezwa. Kilichobadilika ni nani anasikiliza, na alishaambiwa nini kabla hajasikiliza.

Hilo la "alishaambiwa nini" lina nguvu kuliko tunavyodhani. Mwaka 2006 watafiti watatu, Salganik, Dodds na Watts, walichapisha kwenye jarida la Science jaribio walilolifanya mtandaoni na watu zaidi ya 14,000. Waliweka nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Watu wengine walisikiliza bila kuonyeshwa chochote, wengine wakagawanywa makundi kadhaa na humo wakawa wanaona kila wimbo wenzao wameudaunlodi mara ngapi. Kwenye makundi yanayoona namba, kinachopendwa kikapendwa zaidi na kisichopendwa kikazama zaidi, na cha kuchekesha ni kwamba wimbo ulioshinda kundi hili ulikuwa unaweza kuwa wa katikati au karibu na mkia kundi lile. Nyimbo nzuri sana mara chache zilifanya vibaya, mbovu sana mara chache zilifanya vizuri, hizo nyingine zote ilikuwa bahati na mkumbo. Kwahiyo unaposoma komenti elfu moja usidhani ni watu elfu moja waliokaa kila mmoja chumbani kwake wakapima, wengi wao walikuja wakiwa wameshaambiwa kwamba hapa ndo pa kulia.

Alafu jiulize nani anapata hamu ya kuandika. Aliyesikiliza huku anapiga pasi akasema "mh, sio mbaya" haandiki kitu, anaendelea na shati. Anaeandika ni yule iliyomkuta siku anaachwa au siku ya msiba, na yule aliyechoka kuambiwa kila siku kwamba ni albamu bora duniani akaamua kuwajibu. Ndo maana ukisoma unakuta mbingu na jehanamu tu hakuna duniani. Hao wa duniani ndo wengi dada, na wewe ni mmoja wao, masikio yako hayana tatizo lolote.

Twende sasa kwenye wanachosikia. Kitu cha kwanza, sauti kuwa nyuma sio bahati mbaya ya studio. Sisi tumelelewa na muziki ambao mwimbaji anakaa mbele, kwenye taarabu mtu anainuka kwenda kutunza kwasababu ubeti umemgusa, zilipendwa ni hadithi mwanzo mwisho, hata bongofleva ukishindwa kusikia maneno unasema prodyuza kaharibu. Hawa wameifanya sauti ya Kinsella iwe chombo kimoja kati ya vyombo, haina cheo. Maneno ni machache mno, mafupi, kama ya kwenye daftari la siri la kijana wa miaka ishirini na kitu, na kuna nyimbo mbili hazina neno hata moja. Wanaosema jamaa hajui kuimba nawaelewa, mimi mwenyewe nakubaliana nao nusu, sauti ni nyembamba na kuna mahali inayumba. Ila wanaompenda wanampenda kwa hilo hilo, wanasikia mtu anayejisemea peke yake na sio mtu anayewaimbia, na kwakuwa maneno ni machache kila mmoja anajaza ya kwake. Yule aliyeachwa anasikia kuachwa, aliyehama mji anasikia mji. Ukifika pale bila kitu cha kujaza unabaki na gitaa linalozunguka, ndo kilichokukuta wewe.

Na hayo majina yaliyokutisha, umeyasoma moja moja, jaribu kuyasoma kwa kufuatana kuanzia wimbo wa tano mpaka wa nane: unajua inabidi niondoke karibuni, lakini majuto yananiua, tutaonana wote wawili tukiwa tumepunguza hisia, baki nyumbani. Unaona? Ni barua ya mtu anayeachana na mpenzi wake wakati chuo kinaisha. Hakuna anayezungumzia kifo hapo, ni mapenzi ya vijana yanafika mwisho wa muhula. Na huo wa tano ni mojawapo ya zile mbili zisizo na maneno, bila kusoma jina lake usingejua kwamba una habari ya kuondoka.

Sasa magitaa. Yako mawili na mara nyingi hakuna linalokwangua nyuzi zote kwa pamoja, kila moja linadonoa noti moja moja, hili likiacha nafasi lile linaingia. Kama umewahi kusikiliza muziki wa dansi ukafuatilia solo na rizim zinavyojibizana utaelewa kirahisi, tofauti ni kwamba dansi inakupa mapigo ya kuchezea na hawa hawahesabu nne nne muda wote, kuna mahali mguu unataka kugonga chini na wimbo unakuwa bado haujafika, au umeshapita. Sikio linasubiri kitu, kinachelewa, kinakuja kidogo tu, kinaondoka. Kusubiri huko ndo kunaitwa kutamani, au kukumbuka, na haihitaji neno hata moja.

Na hapa nikutoe hofu kuhusu gitaa la baba. Sidhani kama kalegeza nyuzi zote. Gitaa la kawaida kuanzia uzi mnene linatyuniwa E A D G B E, hizo herufi ni majina ya noti. Wimbo wa kwanza wa hii albamu, Never Meant, umetyuniwa F A C G C E. Maana yake nyuzi tatu hazijaguswa kabisa, uzi wa sita na wa pili zimekazwa nusu hatua, yani umbali wa noti moja hadi ya jirani yake kabisa, na wa nne peke yake ndo umelegezwa hatua moja. Mdogo wako analirudisha kwa dakika mbili baba akilihitaji, mwambie tu alirudishe, nyuzi zilizokazwa muda mrefu zinakatika haraka na nyuzi ni hela.

Kuna kosa moja watu wengi wanalo, hata wanamuziki, kwamba meja ni furaha na maina ni huzuni basi, hizo ni aina mbili kuu za kupanga noti. Ukipiga hizo nyuzi wazi bila kubana popote unapata F ya meja, kitu cha jua kabisa, ila imeongezewa noti mbili, E na G, na ile E inakwaruzana kidogo na F kwasababu ni majirani wa nusu hatua. Ndo unapata ule mlio uliouita wa ajabu. Ni furaha ambayo haijakamilika, yani kama inataka kutua haitui. Kwahiyo hii albamu yenye sifa ya huzuni duniani imejengwa sana juu ya meja, na ndo maana ukiwauliza wasikilizaji wake vizuri wengi hawasemi "inanihuzunisha", wanasema inanikumbusha. Wengine wanasema inawakumbusha maisha ambayo hata hawakuwahi kuyaishi, kuna watoto waliozaliwa baada ya 1999 wanalilia kiangazi cha Illinois cha mwaka ule. Sio unafiki, muziki unaweza kumpa mtu hisia ya kumbukumbu bila kumpa kumbukumbu yenyewe.

Hili lina utafiti pia. Mwaka 2014 Taruffi na Koelsch wa Berlin waliwauliza watu 772 kutoka sehemu mbalimbali za dunia wanahisi nini wakisikiliza muziki wa huzuni. Wengi ungetegemea waseme huzuni. Kilichotajwa zaidi ni ile hisia tamu chungu ya kukumbuka yaliyopita, na pamoja nayo utulivu na kuguswa. Na walisema wanauendea makusudi wakati wana majonzi au wako wapweke kwasababu unawafariji. Kwahiyo kwa watu wengi mpangilio uko hivi: majonzi yanatangulia, muziki unafuata. Sisi tunaowaangalia kutoka nje tunaona vyote viwili pamoja tunasema muziki ndo umeleta.

Wala sio sisi tu tunaodhani hivyo. Mwaka 1990 huko Reno, Nevada, bendi ya Uingereza inaitwa Judas Priest ilisimamishwa mahakamani na familia zilizodai nyimbo zao zina ujumbe wa siri uliowasukuma vijana wawili kujidhuru. Kesi ikasikilizwa, jaji akaamua bendi haiwajibiki. Wazazi wale walikuwa na uchungu wa kweli kabisa, ila uchungu unatafuta kitu cha kushika, na muziki wa mtoto ndo uko karibu maana unausikia kupitia mlangoni.

Lakini nisikudanganye niseme muziki hauna athari kabisa, ningekuwa nakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kuna watu ambao muziki wa huzuni unawazidishia. Garrido na Schubert wa Australia wamefuatilia hili kwa miaka, na wanachokiona ni kwamba wenye tabia ya kucheua mawazo, yani anayelirudia jambo lile lile kichwani kutwa kucha bila kulimeza wala kulitema, wakimaliza kusikiliza nyimbo za huzuni wanajikuta chini zaidi ya walipoanza, na bado watakuambia wanazipenda. Mtu mwingine wimbo unamfungulia, analia, anavuta pumzi, anaenda kula. Huyu mwenye kucheua wimbo unampa mdundo wa kucheulia. Albamu ni ile ile moja, kwahiyo kusoma maoni ya wasikilizaji wengine hakutakuambia mdogo wako yuko upande gani. Anaweza kukuambia yeye tu, na siku zake.

Basi angalia siku zake. Akimaliza kusikiliza anatokaje? Anatoka anaongea, anakula, anamtumia rafiki kipande, anabishana na watu mtandaoni nani kapiga vizuri? Au anatoka mzito kuliko alivyoingia, harudishi simu za marafiki, anarudiarudia wimbo mmoja au sehemu moja tu? Kwa uliyoniambia kuna kitu kimoja kinanipa moyo sana na wewe umekileta kama malalamiko, ni hilo gitaa. Mtu anayekaa kutafuta tyuning, anavumilia vidole kuuma, anajifunza kitu kigumu kama kile, akili yake bado ina kesho ndani yake. Mtu aliyezama kweli kweli mara nyingi hamu ya vitu anavyovipenda inamtoka, gitaa linakaa na vumbi.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ya albamu ni hiyo saa nane ya usiku. Mtu anayelala saa nane siku nyingi mfululizo atakuwa mkimya na mzito hata angekuwa anasikiliza singeli, usingizi ukipungua mudi inashuka, mudi ikishuka usingizi unakimbia tena, vinavutana hivyo hivyo. Hapo ndo pa kuanzia. Usimwambie aache muziki, mwambie albamu iishie saa tano, dakika 40 zinatosha kuisikiliza mwanzo mwisho na ukalala.

Kingine jiulize ukimya umeanza lini. Mwaka wa pili chuo unajua mwenyewe mambo yake, huenda ana sapu, yani mtihani wa kurudia, hajasema, huenda anaogopa kudisko, yani kuondolewa chuo kwa kufeli, bumu la mkopo limechelewa anadaiwa, kapigwa chini na binti, au marafiki wamegawanyika. Kijana anayesikiliza albamu ya kuachana mara kwa mara, mimi nikiwa na wewe hapa ningebeti kwanza kwenye kuachwa. Sio ugonjwa huo, unauma tu.

Kumfutia hapana. Kwanza haifutiki, ipo mtandaoni bando dogo tu linaileta yote. Pili utakuwa umemwonyesha kwamba kitu anachokitegemea usiku ndo unachokiona adui, na siku atakapotaka kukuambia jambo kubwa zaidi hatakuja kwako. Badala yake fanya hivi, mwombe akusikilizishe. Hedifoni moja wewe moja yeye, muulize kipande gani anakipenda na kwanini, alafu nyamaza. Vijana wa kiume wengi hawawezi kujibu "una nini?" wanasema "sina kitu", ila ukimuuliza kuhusu wimbo ataongelea wimbo dakika kumi na ndani ya hizo dakika kumi atakuwa amejisema yeye mara tatu bila kujua. Usijifanye umeipenda, mwambie ukweli kwamba ulichoka, atafurahi kubishana na wewe. Na tafadhali yale ya "mwanaume gani analia na nyimbo" yasitamkwe kwenye hiyo nyumba, si na wewe wala na baba.

Mama na maombi, mimi sina ugomvi nayo, kwa kijana wa imani kuombewa na mama yake kunaweza kumtuliza. Nachoomba ni asiburuzwe mbele za watu kama mwenye mapepo kwasababu ya bendi, hapo atafunga mdomo moja kwa moja na hamtajua tena kinachoendelea. Aombewe nyumbani, na kama kuna dalili nitakazozitaja hapa chini maombi na hospitali viende pamoja, kimoja hakizuii kingine.

Dalili zenyewe ni hizi. Kama siku nyingi kwa wiki mbili au zaidi yuko na huzuni au hana hamu ya kitu chochote, na vinaambatana na usingizi kuharibika, kula kubadilika, kukosa nguvu, kushindwa kusoma hata ukurasa, kujiona hafai au ni mzigo, hiyo sio mudi tena, inaweza kuwa sonona, yani ugonjwa wa huzuni (depression), na sonona inatibika. Hapo anahitaji kuonana na mtu ana kwa ana, mimi wa kwenye maandishi sitoshi.

Na kuna zile zisizosubiri wiki mbili. Akianza kuongea kwamba bora asingekuwepo, kwamba mtaishi vizuri bila yeye, akianza kuaga aga watu au kugawa vitu vyake vya thamani, gitaa likiwemo, usimuache peke yake siku hiyo. Muulize waziwazi, kwa sauti ya kawaida: unafikiria kujiua? Najua swali linatisha, na wengi wanaamini ukilitamka utakuwa umempa wazo. Sivyo, hupandi wazo, unampa ruhusa ya kusema kilichopo, na wengi wanapumua kwa kuulizwa. Wakati huo huo dawa za nyumbani na sumu za shamba au za panya zitoke anapoweza kufika, na mwende hospitali siku hiyo hiyo hata kama ni usiku, idara ya dharura inapokea.

Kama sio dharura, hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili, na chuoni kwake kuna ofisi ya mshauri wa wanafunzi ambayo anaweza kuitumia likizo ikiisha. Najua kinachowazuia watu wengi ni maneno ya majirani, mtu akisikia afya ya akili anawaza Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma, na kuchekwa mtaani. Wagonjwa wengi wa sonona hawalazwi popote, wanaonana na daktari au mwanasaikolojia, wanaongea, wengine wanapewa dawa wengine hawapewi, wanarudi nyumbani kula ugali. Mkifika mapokezi semeni tu mnaomba kuonana na mtu wa afya ya akili, muandike kabla hamjatoka nyumbani ukimya umeanza lini, analala saa ngapi na anaamka saa ngapi, na kama kuna mtu kwenye ukoo aliwahi kuwa na tatizo kama hilo, kwasababu hayo matatu ataulizwa mwanzoni kabisa na mkiwa mmekaa kwenye benchi mtasahau. Akikubali, wewe msindikize ila mlangoni mwache aingie peke yake.